Nilimpuuza mwanangu akililia simu, akazidi. Je, nimemharibu?

"Nina mtoto wa kiume wa miaka minne. Tangu alipozoea kutazama katuni kwenye simu yangu, nikimnyima au nikimpokonya anajitupa chini, anapiga mayowe, na mara nyingine analia mpaka anatapika. Nilishauriwa nimpuuze. Nikampuuza siku nne, na badala ya kupungua akazidi: akaanza kunipiga na kurusha vitu. Siku ya tano tulikuwa na wageni, nikampa simu ili anyamaze. Baba yake anasema achapwe, samaki mkunje angali mbichi. Bibi yake anasema tumemdekeza, lakini nikiwa sipo ni yeye anayempa simu. Nimesikia habari za mbwa wa Pavlov na sasa najiuliza kama nimemharibu mwanangu. Nikimpa zawadi akitulia, si nitakuwa namhonga? Na mbona mimi mwenyewe, nikisikia tu anaanza kunung'unika, moyo unanienda mbio?"

Mama, nianze na lile linalokukosesha usingizi: hujamharibu mwanao. Mtoto wa miaka minne bado anajifunza kuomba, kusubiri na kukosa, na alichokwisha kujifunza kuhusu simu kinaweza kufunikwa na mafunzo mapya. Tena siku zile nne unazoziona kuwa za kushindwa ndizo zilizonipa matumaini kuliko kitu kingine chochote ulichoandika. Kuzidi kwa mtoto katika siku hizo kulionyesha kwamba jambo fulani limeanza kubadilika ndani yake. Kilichokwamisha ni siku ya tano, na hata hiyo inaeleweka, kwa sababu wewe nawe ulikuwa ukifundishwa pamoja naye.

Umeniuliza kwa nini ushauri ulioupata ulizidisha moto, kama fimbo ingefaa zaidi, kama zawadi ni hongo, na kwa nini mwili wako unaitikia manung'uniko kabla hujaamua lolote. Naanza na hilo la mwisho, maana ndilo lenye Pavlov ndani yake, na watu wengi hulielewa nusu tu.

Ivan Pavlov alikuwa mtaalamu wa fiziolojia nchini Urusi, na Tuzo ya Nobel aliyopata mwaka 1904 ilikuwa kwa utafiti wake kuhusu mmeng'enyo wa chakula. Akiwa katika kazi hiyo aliona mbwa wake wakitokwa na mate kabla chakula hakijafika mdomoni, wakati mwingine kwa kumwona tu mtu aliyezoea kuwalisha. Akaanza kulichunguza jambo hilo kwa makusudi: anapiga metronomu, yaani chombo kinachotoa mlio wa mapigo ya kulingana, kisha analeta chakula, na baada ya kurudia hivyo, mlio peke yake ukatosha kuleta mate. Wengi hudhani siri iko katika vitu viwili kutokea karibu karibu. Miaka ya 1960 mwanasaikolojia Robert Rescorla alionyesha kwamba ukaribu hautoshi. Jambo la kwanza lazima lilete habari za la pili. Mlio ukisikika mara nyingi bila chakula, na chakula kikija mara nyingi bila mlio, mnyama hajifunzi mengi hata kama mara kadhaa viwili hivyo vimekutana.

Sasa rudi kwako. Manung'uniko ya mwanao yanaleta habari gani? Kwamba muda si mrefu kutakuwa na mayowe, pengine matapishi, na macho ya watu juu yako. Mwili wako umeishika habari hiyo na unajiandaa mapema, kwa hiyo moyo unadunda. Si udhaifu, na haina maana kwamba humpendi mtoto. Hukuuchagua mwitiko huo, kama vile mbwa wa Pavlov hawakuchagua kutokwa na mate.

Kwa mtoto kuna upande wa namna hiyohiyo. Mkoba unaotunza simu, kiti unachokalia ukiitazama, mlio wa ujumbe unaoingia, vyote vimekuwa wajumbe wa katuni. Hamu yake huwaka kabla hajaona picha yoyote. Likumbuke hilo, nitalirudia nikifika kwenye la kufanya.

Lakini kilio chenyewe kinaongozwa na kinachofuata baada yake, na hapo tunamwacha Pavlov. Mwaka 1898 mwanasaikolojia Edward Thorndike aliwafungia paka katika visanduku ambavyo mlango wake ulifunguka kwa kukanyaga kibao au kuvuta kamba. Paka alikwaruza, akalia, akajisukuma huku na huku, na kwa bahati akagusa penyewe, mlango ukafunguka. Alipofungiwa tena hakuonyesha kwamba amegundua siri. Alichukua muda mfupi kidogo tu kuliko mara ya kwanza, kisha mfupi zaidi, mpaka miondoko isiyosaidia ikapotea na ule uliofungua mlango ukabaki. Kitendo kinachofuatiwa na matokeo mazuri hujirudia, na hakuna hila yoyote inayohitajika.

Ndiyo maana siafiki mtoto wa umri huu anapoitwa mjanja au mkorofi. Siku ya kwanza alilia kwa sababu kunyang'anywa kunauma. Kilio kikafuatiwa na simu. Siku nyingine kilio kidogo hakikuleta kitu, kikubwa kikaleta. Machozi yake ni ya kweli kabisa, na papo hapo machozi hayo yamefinyangwa na matokeo yake. Watu wazima wengi hushindwa kuyashika mambo haya mawili pamoja: wanaoona machozi ya kweli hutoa simu kwa huruma, na wanaoona mazoea hukasirika wakidhani wanachezewa.

Hebu tuitazame siku ya tano kwa karibu. Ananung'unika, unasema hapana. Anapandisha sauti, unasema hapana kwa ukali. Anajitupa chini, mgeni mmoja anageuka. Mkono wako unaingia kwenye mkoba, kioo cha simu kinawaka, na kwikwi inakatika katikati ya pumzi. Kimya. Yeye kapata katuni. Wewe je? Umepata kimya, na kimya kile ni zawadi nzito sawasawa na katuni. Wanasaikolojia huita hali hii uimarishaji hasi, yaani kitendo kupata nguvu kwa sababu kinaondoa kero. Wengi hulichanganya na adhabu, lakini kazi zake ni kinyume: adhabu hupunguza kitendo, uimarishaji hasi hukiongeza. Kwa hiyo wakati wewe unamfundisha kwamba mayowe huleta simu, yeye anakufundisha kwamba simu huondoa mayowe. Gerald Patterson, aliyetumia miaka mingi nchini Marekani kuangalia familia zikiwa majumbani mwao, aliueleza mzunguko huu mwaka 1982 na kuonyesha jinsi kila upande unavyompandisha mwenzake ngazi kwa ngazi. Hakuna mwovu ndani yake. Kuna watu wawili wanaopeana nafuu ya muda mfupi kwa gharama ya kesho.

Tukija kwenye zile siku nne. Matokeo mazuri yanapokatwa, kitendo hufifia, lakini wakati mwingine kabla ya kufifia hupanda. Huja kwa nguvu zaidi, kwa muda mrefu zaidi, na kwa sura mpya: anayelia anaanza kupiga, anayepiga anaanza kurusha. Njia iliyozoeleka imekataa, basi mwili unaongeza juhudi na kujaribu vibadala. Aliyekushauri umpuuze alipaswa kukuonya, maana mzazi asiyejua hili huona ongezeko lile na kuhitimisha kwamba njia ni mbovu, kumbe huenda limefika kilele kabla ya kushuka. Na kwa kuwa ulikubali siku ya tano, kilio kilicholipwa hakikuwa kile cha zamani. Kililipwa kile cha sasa, chenye kupiga na kurusha ndani yake.

Ongezeko hilo si lazima litokee kwa kila mtoto, na huwa dogo zaidi mtoto anapopewa njia nyingine ya kupata anachotaka. Hapo ndipo ushauri uliopewa ulipopungukiwa. Uliambiwa umnyime nini, hukuambiwa umfundishe nini badala yake.

Kuna jambo moja zaidi la kuelewa kabla ya kupanga, nalo linamgusa bibi yake. Miaka ya 1930 mwanasaikolojia B. F. Skinner alikuwa akiwafundisha panya kubonyeza kitufe ili wapate tembe ndogo za chakula alizotengeneza mwenyewe. Jumamosi moja alasiri alipiga hesabu akaona tembe zitamwishia Jumatatu asubuhi, akaamua kuwapa chakula kwa nadra badala ya kila wanapobonyeza. Panya waliendelea kubonyeza kama kawaida. Kazi zilizofuata, zikiwemo zile alizochapisha na Charles Ferster mwaka 1957, zilionyesha jinsi ratiba ya malipo inavyotawala kitendo. Na kuna tokeo ambalo limerudiwa mara nyingi: mnyama aliyelipwa mara moja moja huendelea kwa muda mrefu zaidi, malipo yakikoma, kuliko aliyelipwa kila mara. Inaeleweka. Aliyezoea kulipwa kila mara huona mara moja kwamba mambo yamebadilika. Aliyezoea kulipwa kwa kubahatisha amekwisha kujifunza kwamba kukosa ni sehemu ya safari, basi anaendelea. Ukikataa mara tisa na kukubali mara ya kumi, unamjenga mtoto asiyekata tamaa upesi. Nyumba ambamo mama anakataa na bibi anatoa inafanya hivyo bila mtu kukusudia.

Kuna kisa kilichochapishwa na C. D. Williams mwaka 1959 ambacho huwa nakieleza kwa wazazi kwa sababu kina kila kitu ndani yake. Mtoto wa kiume wa miezi 21, aliyekuwa ameugua sana katika mwaka wake wa kwanza na nusu, alikuwa haruhusu mtu mzima atoke chumbani mpaka alale, na hilo lilichukua kati ya nusu saa na saa mbili kila anapolazwa. Wazazi wakaamua kumlaza kwa upole, kutoka na kutorudi. Mara ya kwanza alilia dakika 45. Kufikia mara ya kumi hakulia hata kidogo, alitabasamu walipotoka. Wiki moja hivi baadaye alilazwa na shangazi, akalia, shangazi akarudi chumbani na kukaa naye mpaka alipolala. Kilio kikafufuka, na kazi yote ikabidi ianzwe upya. Mara hii ya pili kilikwisha, na kwa miaka miwili iliyofuata hakikuripotiwa tena. Rudio moja tu la shangazi mwenye huruma lilitosha kurudisha kila kitu, na uthabiti ukatosha kukimaliza kwa mara nyingine. Sikushauri umwache mwanao peke yake chumbani kama wale wazazi. Nakupa kisa hiki kwa ajili ya kile alichofanya shangazi.

Usishangae pia kilio kikirejea chenyewe baada ya wiki nzuri, au kikiibuka nyumbani kwa bibi wakati kwako kimekwisha. Pavlov aliona mwitiko uliozimika ukirudi baada ya mapumziko tu. Mwanasaikolojia Mark Bouton, katika utafiti wa miongo mingi, ameonyesha kwamba mafunzo ya zamani hayafutiki. Mapya hukaa juu yake, na yanafungamana na mahali yalipofundishwa. Mtoto atayajaribu ya zamani kila penye mazingira mapya. Ukiwa mtulivu, rudio hilo huwa fupi.

Kuhusu fimbo, nitazungumza na baba yake kwa heshima, kwa sababu naamini anataka mtoto mwenye adabu kama mimi ninavyotaka. Fimbo hunyamazisha, hilo ni kweli, na kimya hicho humlipa mchapaji papo hapo, kwa njia ileile simu ilivyomlipa mama. Kwa hiyo anayechapa hupata sababu ya kuchapa tena. Tatizo ni yale ambayo mtoto anajifunza pembeni. Hajifunzi aombeje wala asubirije. Anajifunza ni mbele ya nani asililie simu, na baba akitoka mchezo unaanza upya. Kwa ile njia ya Pavlov, hofu inamganda baba mwenyewe, sauti yake na hatua zake. Na mwaka 1961 Albert Bandura na wenzake, pale Chuo Kikuu cha Stanford, walionyesha kwamba watoto wadogo waliomwona mtu mzima akipiga mwanasesere walimwiga, mpaka na maneno yake, bila kupewa zawadi yoyote. Mtoto anayechapwa kwa kosa la kupiga amepata somo la kupiga kutoka kwa mwalimu anayemwamini kuliko wote.

Mwaka 2016 Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor waliunganisha tafiti zilizohusu watoto zaidi ya 160,000. Kati ya mambo 17 waliyoyapima, 13 yalihusiana na kuchapwa, yote upande wa madhara: ukali zaidi, matatizo zaidi ya kihisia, uhusiano mbaya zaidi na mzazi. Uhusiano peke yake hauthibitishi chanzo, maana mtoto msumbufu huchapwa zaidi tangu mwanzo. Lakini hakuna mahali katika ushahidi huo ambapo fimbo ilionekana kujenga tabia ambayo njia nyingine haziwezi kuijenga. Samaki tumkunje angali mbichi, baba, nakubaliana nawe. Tunatofautiana juu ya kitu cha kumkunjia.

Na zawadi je? Tofauti yake na hongo ni wakati inapotolewa. Hongo hutolewa kilio kikiwa kimeanza, ili kikome: "Nyamaza nikupe." Hiyo inalipa kilio. Zawadi huwa imekubaliwa kabla, na huja baada ya mtoto kufanya jambo zuri: amezima mwenyewe, anapata kuchagua hadithi ya kusomewa. Hakuna rushwa hapo. Tahadhari moja tu. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett waliwaahidi cheti watoto wa chekechea waliokuwa wanapenda kuchora. Baadaye, katika muda wa kucheza watakacho, watoto hao walichora kidogo kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa. Kwa hiyo usimlipe kwa kile anachokipenda tayari. Mlipe kwa kigumu, kwa muda, kisha acha zawadi ipungue na sifa ibaki. Sifa iwe na jina la kitendo: "Umezima simu mwenyewe bila kulia." "Mtoto mzuri" haimwambii alifanya nini.

Sasa tupange. Mna njia tatu. Ya kwanza ni kuendelea kumpuuza tu, bila kingine. Inaweza kuleta matokeo lakini ndiyo ngumu kuliko zote, na itavunjika wageni wakija tena. Ya pili ni kuiondoa simu kabisa kwake kwa wiki kadhaa. Ni safi na rahisi kueleweka, ila inahitaji watu wazima wote wa nyumba wakubaliane, na wewe mwenyewe usiitumie sana mbele yake. Ya tatu, ambayo naipendelea, ni kumpangia muda mmoja wa katuni kwa siku, baada ya jambo lilelile kila siku, kwa mfano baada ya kuoga jioni. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema watoto wa miaka miwili hadi minne wasizidi saa moja ya kutazama kioo cha simu au televisheni kwa siku, na pungufu ni bora. Ukimpangia muda, saa ya kuoga inakuwa mjumbe wa katuni, na kilio kinaacha kuwa mjumbe. Kama hamuwezi kukubaliana na bibi, basi chukueni njia ya pili.

Simu iondoke machoni saa nyingine zote, na mlio wa ujumbe uzimwe. Hapo ndipo lile la wajumbe linapotusaidia: hamu isiyoamshwa haihitaji kutulizwa.

Mfundishe sentensi moja ya kuomba, wakati ametulia na hakuna anachotaka: "Mama, naomba katuni." Mwaka 1985 Edward Carr na Mark Durand waliwafundisha watoto wenye matatizo makubwa ya tabia kuomba kwa maneno kile ambacho vurugu zao zilikuwa zikiwapatia, na vurugu zikapungua. Mwanzoni ombi zuri lishinde mara nyingi. Kwa katuni huwezi kukubali kila saa, basi mfanye aombe vitu vingine pia, mpira, kubebwa, kusomewa, na umpe haraka ili ajue kwamba maneno yana nguvu. Kisha ongeza kusubiri kidogo kidogo: hesabu mpaka tano kabla ya kumpa, kesho mpaka kumi.

Mwisho wa katuni ndio penye mtego, basi maliza kipindi kinapokwisha, usikate katikati. Mwambie mapema kwamba hiki ndicho cha mwisho, yeye mwenyewe abonyeze kuzima, na papo hapo muwe na kitu cha kufanya pamoja. Usimwache mtoto na mikono mitupu dakika ileile aliyopoteza kitu anachokipenda.

Akilipuka, na atalipuka, kaa karibu. Kupuuza mayowe si kumsusa mtoto. Sema mara moja, kwa sauti ya chini: "Najua umekasirika. Katuni zimekwisha kwa leo." Kisha nyamaza. Usihutubie wala usijadiliane, na usimkazie macho ya hasira, kwa sababu hata ugomvi ni uangalizi. Akipiga, ushike mkono wake kwa upole na usogee. Ondoa vinavyoweza kuvunjika. Akitapika, msafishe, mpe maji, ukiwa mpole na wa maneno machache, na simu ibaki ilipo. Akitulia hata kwa muda mfupi, mrudie kwa joto lote ulilo nalo. Hiyo sehemu wazazi huisahau kwa kuwa wamechoka, nayo ndiyo inayomwonyesha kwamba utulivu unamrudishia mama.

Na hili nakusihi: kama unajua moyoni kwamba leo utakubali, kubali alipoomba vizuri mara ya kwanza. Usiseme hapana usiyoweza kuilinda. "Ndiyo" ya mapema inalipa ombi, "ndiyo" ya kuchelewa inalipa mayowe. Siku ya wageni, panga mapema: ama muda wake wa katuni uangukie hapo, ama baba atoke naye akianza.

Kwa bibi, usiende na katazo. Mwambie kwamba simu ipo, saa yake ni fulani, na yeye akitaka kumpa basi ampe saa hiyo, mtoto akiomba kwa maneno. Mpe nafasi ya kuwa mtoaji mahali panaposaidia. Mabibi wengi ninaozungumza nao hukubali haraka wakielewa kwamba hawanyang'anywi furaha ya kumpa mjukuu kitu.

Kuhusu moyo wako: kilichofundishwa kinaweza kufundishwa upya. Mwaka 1924 Mary Cover Jones alimsaidia mtoto aitwaye Peter aliyemwogopa sungura. Sungura aliletwa mbali, mtoto akiwa anakula anachopenda, kisha akasogezwa kidogo kidogo siku hadi siku mpaka Peter akaweza kumgusa. Kwako, manung'uniko ndiyo sungura. Ukiyasikia, toa pumzi taratibu mara kadhaa kabla hujasogea, na mkono usiende kwenye mkoba. Mpokezane zamu na baba yake ili usiyabebe yote. Kila mara manung'uniko yatakapopita bila maafa, mwili utapata habari mpya. Kichwa chako kitaelewa leo, moyo utachelewa kidogo. Hesabu maendeleo kwa wiki, usiyahesabu kwa siku.

Kuna mambo ambayo hayafai kusubiri mpango huu. Mpeleke kwa daktari wa watoto achunguzwe kuhusu kutapika, hata kama kulia kwa nguvu peke yake kunaweza kumfanya mtoto atapike, na hasa kama anatapika pia asipolia, anapungua uzito, au anashika pumzi mpaka anabadilika rangi au kuzimia. Tafuta mtaalamu wa saikolojia ya watoto kama milipuko huwa inazidi dakika 25, kama inatokea mara nyingi kwa siku na karibu kila siku, kama anajiumiza kwa kujigonga au kujing'ata, kama hawezi kabisa kutulia bila mtu, au kama anachelewa kuongea, haitikii jina lake au hapendi kucheza na wenzake. Nenda pia wewe mwenyewe, bila kungoja, ukihisi unakaribia kumdhuru, au hofu ile ya moyo imeanza kukufuata hata mtoto akiwa hayupo.

Ukienda, usiende mikono mitupu. Kwa wiki moja andika kila mlipuko katika mistari mitatu: kilichotangulia, alichofanya mtoto, na kilichofuata, pamoja na nani alikuwepo na dakika ulizochukua. Daktari au mwanasaikolojia atajifunza mengi zaidi kwenye karatasi hiyo kuliko kwenye maelezo ya jumla ya kwamba mtoto ni mkaidi. Na baba yake aandike ya kwake, kivyake, muilinganishe kabla hamjaondoka nyumbani.